Mawe ya nyongo: Si kila jiwe hutoka kwenye sahani

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

MAUMIVU makali chini ya mbavu za kulia, yanayoanza usiku baada ya mlo mzito na kutoweka kabla ya alfajiri, huweza kumfanya mtu aamini kuwa ana vidonda vya tumbo. Hununua dawa ya kupunguza asidi, maumivu yakapoa yenyewe, naye akaishukuru dawa ambayo haikufanya lolote. Chanzo huweza kuwa mawe katika kifuko cha nyongo, na swali linalofuata huwa moja: nimekula nini?

Katika Bonde la Kilombero swali hilo lina majibu mawili, na kuyachanganya kuna madhara.

Kifuko cha nyongo ni mfuko mdogo wenye umbo la parachichi changa, uliojibanza chini ya ini. Ini hutengeneza nyongo, kifuko huihifadhi na kuikoleza, na chakula chenye mafuta kinapoingia katika utumbo mdogo, kifuko hujikamua na kuimwaga. Nyongo ina lehemu, yaani kolesteroli, ambayo haiyeyuki katika maji bila msaada wa chumvi za nyongo na lesithini. Lehemu ikizidi msaada huo, au kifuko kikikaa muda mrefu bila kujikamua, chembe hujitenga na kuganda kama sukari inavyotuama chini ya kikombe cha chai iliyokolezwa mno. Hayo ndiyo mawe ya lehemu, yaliyo mengi zaidi Ulaya na Marekani, na ndiyo yanayohusiana na chakula.

Aina ya pili ni mawe meusi ya bilirubini, rangi inayobaki baada ya chembe nyekundu za damu kuvunjika. Haya hayatoki jikoni. Humpata hasa mtu ambaye damu yake huvunjika kwa kasi, na katika nchi yetu anayepaswa kufikiriwa kwanza ni mgonjwa wa seli mundu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Ya mgonjwa huyu huishi kati ya siku 10 na 20. Ini lake hupokea bilirubini nyingi kila siku, na si ajabu mawe kuonekana angali mtoto au kijana.

Hapo ndipo Kilombero inapoingia. Bonde hili, lenye mto unaofurika na mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, linajulikana katika sayansi ya dunia kwa malaria. Maabara ya utafiti iliyoanzishwa na Waswisi mjini Ifakara mwaka 1957 ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa mtu aliyerithi chembe ya seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu urithi huo umebaki kwa wingi katika maeneo ya malaria. Tanzania hukadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye seli mundu kila mwaka. Mama wa mtoto wa namna hiyo akiambiwa kuwa mawe yametokana na mafuta aliyompikia, anabebeshwa kosa ambalo si lake, na mtoto ananyimwa chakula anachokihitaji.

Tukirudi kwenye mawe ya lehemu, Afrika Mashariki ina historia yake katika mjadala huu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946, na Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30, walishangazwa na uchache wa maradhi ambayo kwao Ulaya yalikuwa ya kila siku. Mawe ya nyongo yalikuwamo katika orodha yao. Katika vitabu walivyovihariri mwaka 1975 na 1981, walitetea hoja kuwa sukari na unga uliokobolewa, pamoja na upungufu wa nyuzinyuzi, ndivyo vinavyoleta tofauti.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hoja yao imesimama nusu. Waliwahesabu wagonjwa waliofika hospitalini, wakati ambapo hapakuwa na kipimo cha ultrasaundi, ilhali watu wengi wenye mawe hawaumwi kabisa. Zaidi ya hayo, mawe huongezeka kadiri umri unavyosonga, na wengi wa wakazi wa enzi hizo hawakufika uzee.

Nusu iliyosimama imepata nguvu baadaye. Utafiti wa wauguzi wa Marekani, ulioanza mwaka 1976 ukihusisha wanawake zaidi ya 120,000, umeonyesha kuwa hatari hupanda sambamba na unene. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kuwa wanawake waliokula karanga na jamii za kokwa mara tano au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano pungufu kwa takriban asilimia 25 wa kufanyiwa upasuaji wa kuondoa kifuko, wakilinganishwa na wasiozila au waliozila kwa nadra. Mwaka 2005, utafiti kama huo kwa wanaume ulihusisha mawe yenye dalili na ulaji mwingi wa wanga, hasa ule unaogeuka sukari haraka mwilini.

Msomaji wa Ifakara atauliza: basi wali wetu je? Mpunga ndio uhai wa bonde hili. Hapa ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kilimo kilichojulikana kama KATRIN, kilichotoa mbegu ya SARO 5, na mchele wa Kilombero una jina sokoni hadi Dar es Salaam. Mchele uliotwangwa kwenye kinu hubaki na sehemu ya pumba zake. Ule wa mashine hutoka mweupe, pumba zikaishia kwa kuku. Hata hivyo, mkulima anayelima kwa jembe tangu asubuhi si sawa na karani anayekula sahani ileile akiwa amekaa kutwa. Wali unaoliwa na maharage, mchicha au matembele, na perege au kambale wa mtoni, hauna sababu ya kuogopwa. Mashaka huanza pale sahani inapobaki wali mtupu, ikafuatiwa na soda, chai ya vijiko vinne na maandazi, na kiuno kikaongezeka mwaka hadi mwaka.

Na viuno vinaongezeka. Takwimu za kitaifa za afya zilionyesha kuwa wanawake wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 22 mwaka 2010 na asilimia 28 mwaka 2015/16. Wanawake, hasa waliozaa mara nyingi, tayari wako katika hatari kubwa kuliko wanaume kwa sababu ya homoni za ujauzito.

Lakini kujinyima si dawa. Anayepunguza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki huongeza hatari, kwa kuwa lehemu ya mwilini humiminika kwenye nyongo huku kifuko kikikaa bila kazi. Kushinda na njaa hadi jioni kuna kasoro hiyohiyo. Mafuta kidogo katika mlo hukifanya kifuko kijikamue. Aliyekwisha kuwa na mawe yenye maumivu ndiye anayepaswa kuepuka vikaango, kwa sababu kujikamua huko ndiko kunakosukuma jiwe mlangoni.

Jambo jingine ni dawa za kusafisha ini kwa mafuta ya zeituni na maji ya limau. Mnywaji huona vidonge vya kijani chooni akashangilia. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchunguzi wa vidonge vya namna hiyo: vilikuwa sabuni, iliyotengenezwa tumboni na mafuta yaleyale aliyoyanywa.

Kinachotisha zaidi ni kuchelewa. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashamba ya mbali kwa miezi, na hata baada ya Daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018 na kumaliza adha ya kivuko, safari ya kutoka shambani hadi mjini bado ni ndefu. Maumivu yanayopita saa tano au sita, homa na kutetemeka, macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai na choo kilichopauka ni dalili za jiwe lililoziba njia. Huyo hasubiri mavuno.

Ultrasaundi huyaona mawe bila kumchoma mtu sindano. Yasiyo na dalili kwa kawaida huachwa. Yanayoumiza hutibiwa kwa kuondoa kifuko chenyewe, upasuaji uliofanywa kwa mara ya kwanza na Carl Langenbuch mjini Berlin mwaka 1882. Ini huendelea kutengeneza nyongo, ambayo sasa hutiririka moja kwa moja hadi kwenye utumbo, na wengi wa waliopona hurudi kula wali na samaki kama zamani.