Helicobacter pylori na matatizo ya tumbo

Helicobacter pylori (kifupi: H. pylori) ni bakteria mwenye umbo la kujipinda anayeishi katika ute unaofunika ukuta wa ndani wa tumbo. Husababisha gastriti, yaani uvimbe wa ukuta huo, na ni chanzo kikuu cha vidonda vya tumbo. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilimweka kati ya visababishi vya saratani kwa binadamu.

Zamani madaktari waliamini vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na pilipili, na kwamba hakuna bakteria anayeweza kustahimili asidi ya tumbo. Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walifaulu kumwotesha maabara mwaka 1982. Miaka miwili baadaye Marshall alikunywa mchanganyiko wenye bakteria hao akapatwa na gastriti. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2005.

Maambukizi hutokea hasa utotoni, ndani ya familia, kwa njia ya mdomo, matapishi au kinyesi. Walio wengi hawaoni dalili yoyote.

Nchini Tanzania

Watu wengi wenye kiungulia, gesi au maumivu ya chembe ya moyo husema wana "vidonda vya tumbo" kabla ya kupimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wagonjwa wa namna hiyo kaskazini mwa Tanzania ulikuta takriban theluthi mbili wana H. pylori. Kwa kuwa bakteria huyu ameenea hivyo, kumkuta hakuthibitishi kwamba kuna kidonda. Kidonda huonekana kwa endoskopia, kipimo cha kuingiza kamera nyembamba kupitia mdomoni.

Itigi, mkoani Singida, iko Hospitali ya Mtakatifu Gaspar ya Wamisionari wa Damu Azizi ya Yesu. Kwa wakazi wa vijiji vya mbali, safari ya hospitali ni gharama, hivyo ni muhimu kujua dalili zisizongoja: kutapika damu, choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, na chakula kukwama wakati wa kumeza.

Vipimo na matibabu

Kipimo cha choo au cha pumzi huonyesha maambukizi yaliyopo. Kile cha damu hakitofautishi ya sasa na yaliyokwisha pona, ingawa ndicho rahisi kupatikana. Omeprazoli hutakiwa kusimamishwa wiki mbili kabla ya kupima, la sivyo bakteria anaweza asionekane.

Tiba ya kawaida ni omeprazoli pamoja na antibiotiki mbili, kama amoksilini na klarithromisini, kwa siku 14. Kuacha dozi njiani baada ya kupata nafuu huchangia usugu; huko Mwanza watafiti wamekwisha kukuta bakteria sugu kwa klarithromisini. Mgonjwa mwenye kidonda hushauriwa pia kuepuka diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo huweza kuleta vidonda hata bila bakteria, na kupimwa tena angalau wiki nne baada ya kumaliza dawa.