Kwa Nini Fundi Haanzi na Kabureta: Gari Lisilowaka kama Chanzo cha Historia, Nakivale na Mbarara

Asubuhi ya mtihani wangu wa kwanza wa mwaka wa pili, pikapu ya Peugeot 504 niliyotarajia inifikishe Mbarara ilikataa kuwaka. Ilikuwa imesimama Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, imejaa mikungu ya matoke na sisi abiria sita juu yake. Dereva alipiga stata mpaka betri ikaanza kulegea. Abiria mmoja akatangaza kwa uhakika, "Hiyo ni kabureta." Wote tukaafiki, ingawa sidhani kama kuna aliyejua kabureta iko upande gani. Dereva akafungua boneti, akatoa bisibisi.

Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai kibandani akaja polepole, akamshika mkono. "Weka chini, mwanangu," akasema. "Kabureta ni ya mwisho."

Hakuigusa asubuhi ile. Aliwasha taa za mbele, akazitazama. Akachomoa plagi moja, akainusa, akailaza juu ya chuma cha injini na kumwambia dereva apige stata. Cheche ilikuwa dhaifu, ya manjano. Akafungua kifuniko cha distribyuta, akasugua uso wa pointi kwa kipande cha msasa laini, akakausha plagi zote nne. Baada ya robo saa hivi, gari likawaka. Niliuwahi mtihani. Maswali yake nimeyasahau, lakini neno la mzee sijalisahau. Kwa nini kabureta iwe ya mwisho? Katika insha hii nitadai kwamba jibu si la ufundi peke yake. Mpangilio wa hatua anazofuata fundi mzee umetokana na historia ya kisiasa ya eneo letu, hasa matukio ya miaka ya 1972 na 1973.

Tuanze na chombo chenyewe. Kabureta iliyoenea duniani ilitokana na kazi ya mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wilhelm Maybach akiwa Ujerumani, na Donát Bánki na János Csonka wakiwa Hungaria. Wazo lake ni jepesi. Hewa inayovutwa na injini hupitishwa kwenye koo jembamba. Ikipita hapo huongeza kasi na msukumo wake hupungua, hivyo petroli hufyonzwa kupitia tundu dogo la shaba liitwalo jeti na kutawanyika kama ukungu. Injini iliyokwisha kupata joto huhitaji takriban gramu 15 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Injini baridi huhitaji petroli zaidi, ndiyo maana kuna choki ya kuziba hewa asubuhi. Chini yake kuna kibakuli cha petroli chenye floti, inayopanda na kushuka ili kufunga na kufungua sindano ya kuingizia mafuta. Uchafu mdogo kuliko punje ya mtama unaweza kuziba jeti, na sindano ikikwama petroli hufurika. Kwa hiyo abiria wenzangu hawakuwa wajinga. Kabureta ina njia nyingi za kukosea.

Hata hivyo, gari linaweza kukataa kuwaka kwa sababu nyingi zisizoihusu kabureta. Nilirudi kwa mzee baada ya mitihani, nikakaa naye siku kadhaa, nikaandika hatua zake. Kwanza husikiliza stata. Ikizunguka kwa uvivu huku taa zikififia, anatazama betri na vichwa vya nyaya zake. Pili hutafuta moto kwenye plagi. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ya manjano humpeleka kwenye pointi, ambazo uwazi wake ni kama milimita 0.4. Tatu hunusa plagi. Ikiwa mbichi kwa petroli, mafuta yanafika na huenda yamezidi. Ikiwa kavu, hayafiki. Nne huchomoa mpira wa mafuta kabla ya kabureta, anauelekeza kwenye kopo, stata inapigwa, anaangalia kama petroli inaruka au inadondoka, na kama kuna maji chini ya kopo. Petroli ya jerikeni mara nyingi huwa na maji. Tano, na tano tu, hufungua kabureta. Hata hapo hapitishi waya kwenye jeti, kwa sababu waya hupanua tundu la shaba na kuharibu kipimo milele. Hutumia pampu ya baiskeli.

Nikamwuliza sababu ya mpangilio huo. Alijibu, "Kunusa hakuna bei. Kutazama taa hakuna bei. Ukifungua kabureta, gasketi inachanika. Utaipata wapi? Ukifungua kabureta isiyo na kosa, jioni una makosa mawili."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nione kwamba ninasikiliza habari ya historia. Mzee hapangi hatua zake kwa kufuata uwezekano wa kosa kuwa mahali fulani. Anazipanga kwa kufuata gharama ya kukosea. Na gharama hiyo ina tarehe.

Mzee alijifunza kazi akiwa kijana huko Uvira, katika gereji ya Mgiriki. Anakumbuka rafu yenye vipakiti vya vipuri vya Solex, kila kimoja kikiwa na gasketi, sindano na jeti mpya. Siku hizo, anasema, gari lililokataa kuwaka liliondolewa kabureta mara moja, likafungwa vitu vipya, likaenda. Yaani katika gereji ileile kabureta ilikuwa ya kwanza. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza sera iliyokuja kuitwa Zaireanisheni, na biashara za wageni, wakiwemo Wagiriki wengi wa mashariki, zikagawiwa raia. Gereji ya Uvira ikapata mwenye mali mpya. Rafu ikamalizika, isijazwe tena. Mzee akaanza kukata gasketi kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Maisha hayo Wakongo wanayaita Kifungu cha 15, yaani kila mtu ajitafutie njia. Hapo ndipo, kwa maneno yake, "nikajifunza kunusa."

Ushahidi wa mtu mmoja hautoshi, hasa akiwa anasimulia ujana wake. Kwa hiyo nilitafuta shahidi wa pili, nikampata Mbarara: fundi mzee, Mnyankole, asiyepata kufika Kongo wala kukutana na yule wa Nakivale. Yeye alikuwa spana boi katika gereji ya Mwasia wakati Idi Amin alipotangaza, mwezi Agosti 1972, kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90. Kazi yake ilikuwa kuosha vyuma na kumkabidhi bosi spana. Bosi alipoondoka, gereji ikapewa mtu aliyetaka jengo kuliko kazi. Vipuri vikapotea madukani na kuanza kupatikana kwa magendo, kwa bei ya magendo. Februari 1979 vita kati ya Tanzania na Amin ikaufikia mji wenyewe na kuuharibu vibaya. Fundi huyu alikata gasketi zake kwa boksi la biskuti. Nilipomwomba anieleze jinsi anavyoanza na gari lisilowaka, alitaja betri, moto, harufu ya plagi, mpira wa mafuta, kisha kabureta.

Msomaji anaweza kupinga hapa. Huenda spana boi wa Mbarara anaiweka kabureta mwisho kwa sababu alikatazwa kuigusa alipokuwa mdogo, na si kwa sababu ya uhaba. Hoja hiyo ina nguvu kwake, lakini haimwelezi mzee wa Uvira. Yeye aliruhusiwa kufungua kabureta tangu mwaka wake wa kwanza, na aliihamishia mwisho baada ya rafu kuwa tupu. Kitu walichoshiriki watu hawa wawili ni duka lisilo na kitu.

Ushahidi mwingine uko katika maneno. Mzee wa Nakivale husema *buji* na *jikleri*. Yule wa Mbarara husema *plagi* na *jeti*. Mmoja amerithi lugha ya vipuri vilivyopita mikononi mwa Wabelgiji, mwingine ya vilivyopita mikononi mwa Waingereza. Vijana wanaojifunza kwa mzee wetu, Wakongo, Warundi na Waganda, hutumia yote mawili. Nilimsikia kijana mmoja akielekezwa alete buji, akauliza kama umeme umekatika, kwa sababu neno hilo humaanisha mshumaa pia. Nakivale ilipoanza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, haikukusudiwa kuwa mahali pa kukutanisha misamiati ya gereji. Imekuwa hivyo.

Hata jeti zenyewe zina safari yake. Mzee aliikimbia Uvira wakati wa vita vya Oktoba 1996, akiwa na jeti tatu ndani ya kopo la maziwa. Uvira iko kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Mbarara iko juu ya mita 1,400. Msukumo wa hewa Uvira umepungua kwa karibu asilimia 9 ukilinganisha na pwani, na Mbarara kwa karibu asilimia 15. Jeti iliyopatana na hewa ya Uvira humwaga petroli kupita kiasi huku juu, na plagi huwa nyeusi kwa masizi. Alipofika alifunga jeti aliyoijua, gari likatoa moshi, akaijaribu nyingine ndogo zaidi. Ukimbizi wake aliupima kwa tundu la shaba.

Je, nawasifu wazee na kuwadharau vijana? Hapana. Katika gereji za Mbarara leo, fundi kijana akishuku kifaa hukibadilisha. Magari yaliyotumika yametoka Japani kwa wingi tangu miaka ya 1990, na kipuri kisichopatikana mjini huagizwa soko la Kisekka, Kampala, kikaja na basi. Kukisia kwake ni rahisi, kwa hiyo anakisia. Anafanya hesabu ileile ya wazee kwa bei tofauti. Na magari mengi ya sasa hayana kabureta kabisa.

Lakini kabureta haijafa Nakivale. Imehamia kwenye bodaboda. Siku ya mwisho niliyokaa na mzee, wateja wake watano kati ya sita walikuwa waendesha pikipiki. Macho yake hayaoni tena tundu la jeti. Humpa kijana alishike kuelekea jua, naye huuliza, "Unaona mwanga?" Maarifa haya hayamo katika kitabu chochote alicho nacho. Karatasi zake za ukimbizi zinataja tarehe ya kufika na idadi ya watu wa nyumbani kwake. Amepewa shamba, na kwa hesabu za dunia yeye ni mkulima. Sisi wanafunzi wa historia hufundishwa kutafuta nyaraka. Mtu ambaye nyaraka zake zinasema hivyo tu, miaka hamsini ya kazi yake tutaiandika kwa kutumia nini, kama si kwa kukaa naye angali hai?

Nilipomaliza kuandika hatua tano nilirudi kumsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Umeacha ya kwanza," akasema. Nikamwambia ya kwanza ni stata, nimeiandika. "Hapana. Kabla hujagusa kitu, unamwuliza dereva: jana gari lilikuwaje? Nani alilishika mwisho? Alibadilisha nini?"

Nimeiandika sasa, juu ya zile nyingine.