Christophers na Mshumaa wa Padri Keller

Katika insha hii ninaeleza historia ya Christophers, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1945 na James Keller, padri wa Maryknoll. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mbeba Kristo.

Keller aliona kwamba watu wachache wenye fikra za kubomoa walikuwa wakikimbilia kazi zinazogusa akili za wengi: ualimu, serikali, uandishi, redio na filamu. Watu wema walibaki pembeni wakilalamika. Basi na wao waingie humo humo! Hakutaka wanachama, ada wala mikutano. Kaulimbiu ya shirika ni kwamba heri kuwasha mshumaa mmoja kuliko kulaani giza.

Mwaka 1948 alitoa kitabu You Can Change the World. Mwaka uliofuata zilianza tuzo za waandishi na watengenezaji wa filamu, na mwaka 1952 shirika likaingia kwenye televisheni, wakati chombo hicho kilikuwa bado kigeni katika nyumba nyingi.

Hapa ndipo ninaposita. Ile ilikuwa miaka ya Vita Baridi, na wachache aliowahofia Keller walikuwa hasa wakomunisti. Huko Hollywood watu walipoteza kazi kwa kushukiwa tu. Je, mshumaa huu ulimulika njia, au ulisaidia kuwasaka watu gizani? Nilipoanza kusoma nilikuwa na jibu la pili tayari. Sasa nimelipunguza makali. Hofu ya Keller ilikuwa ile ile ya wakati wake, lakini wito wake ulikuwa kumwingiza mtu kazini, si kumfukuza mwingine. Hata tuzo zile hazikudai kazi iwe ya dini.

Keller alifariki mwaka 1977, na shirika likaendelea bila yeye.

Mimi natoka Uganda, na ng'ambo ya ziwa letu iko Musoma, ambako Maryknoll walifika mwaka 1946. Baadaye walifungua shule ya Kiswahili kwa wageni pale Makoko. Sisi tuliojifunza lugha hii darasani tunaijua kazi hiyo: unakaa miezi ukisikiliza wenzako kabla ya kuthubutu kusema neno. Mtu wa televisheni huanza kwa kusema.