Usihadaiwe na nambari unapochagua mfuko wa kulalia mlimani

WAKAZI wa Nanyuki, Naro Moru na Chogoria wanafahamu fika kwamba Mlima Kenya una nyuso mbili. Mchana, jua la ikweta humchoma mpandaji hadi ngozi ikambambuka. Usiku, maji aliyoyaacha nje ya hema hugeuka barafu.

Ndiposa kifaa ambacho wengi hukifikiria mwisho, yaani mfuko wa kulalia, huweza kuamua iwapo mtu atafika kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, au atateremshwa akitetemeka kabla ya alfajiri.

Isitoshe, kosa la kuuchagua vibaya haligunduliki dukani. Hugunduliwa saa nane za usiku, penye urefu wa zaidi ya mita 4,000, ambako hakuna duka wala jirani wa kuazima blanketi.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba mfuko wa kulalia hauzalishi joto hata chembe. Joto hutoka mwilini mwa anayelala. Kazi ya mfuko ni kunasa hewa iliyopashwa na mwili huo na kuizuia isitoroke. Kwa hivyo, chochote kinachoubana mfuko ukasinyaa, kuulowesha au kuupenyezea upepo, hupunguza uwezo wake hata kama uligharimu maelfu ya pesa.

Kadiria baridi ya uendako

Kwa kawaida, joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 za selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Tuseme usiku wa Julai jijini ni nyuzi 11. Katika kambi ya Shipton's au ya Mackinder's, ambazo ziko kwenye mita 4,200 hivi, utarajie nyuzi 3 chini ya sifuri. Katika kibanda cha Austrian Hut, mita 4,790, hesabu hiyo hukufikisha nyuzi 7 chini ya sifuri.

Haya ni makadirio tu. Upepo ukivuma, au anga ikiwa haina mawingu, baridi huzidi. Anayelala Old Moses (mita 3,300) au Met Station (mita 3,050) pekee hahitaji mfuko mzito kama wa yule anayenuia kufika juu kabisa.

Soma nambari zote

Mifuko mingi ya kisasa hupimwa maabarani kwa kutumia sanamu yenye umbo la binadamu, ambayo hupashwa joto na kufungwa vipimajoto. Kiwango cha Ulaya cha EN 13537 kilichapishwa mwaka wa 2002, na mwaka wa 2016 nafasi yake ikatwaliwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 23537.

Katika lebo ya mfuko uliopimwa hivyo, mnunuzi anapaswa kuzingatia nambari tatu. Ya kwanza ni ya starehe: baridi ambayo mwanamke wa kawaida anaweza kulalia kwa utulivu bila kuihisi. Ya pili ni ya kikomo: baridi ambayo mwanamume wa kawaida anaweza kuvumilia akiwa amejikunyata. Ya tatu ni ya hatari: hapo mtu anatarajiwa kutokufa kwa muda wa saa 6, ingawa huenda viungo vyake vikaganda na kudhurika.

Chukulia mfuko wenye nambari 0, -6 na -23. Mwenye duka huenda akaitangaza ile ya -23 kwa herufi kubwa, na mnunuzi akaondoka akiamini amepata mfuko wa kumtosha kokote. Kumbe mfuko huo unafaa usiku wa nyuzi 0. Anayeutumia penye nyuzi 15 chini ya sifuri anacheza na uhai wake.

Nunua kwa kufuata nambari ya starehe, hususan ikiwa wewe ni mwembamba, mzee, au mtu anayehisi baridi upesi. Kwa kambi za juu za Mlima Kenya, mfuko wa starehe ya kati ya -5 na -10 ni chaguo la busara.

Tahadhari pia na mifuko iliyotoka Marekani. Huko hutumia vipimo vya farenhaiti, na nambari 20 kwenye mfuko humaanisha takriban nyuzi 7 za selsiasi chini ya sifuri. Ulioandikwa 40 unafaa penye nyuzi 4 juu ya sifuri, wala si mfuko wa barafu.

Manyoya au poliesta?

Mifuko hujazwa ama manyoya laini ya bata, ama nyuzi za poliesta. Manyoya ni mepesi, hukunjika yakawa madogo, na hutunza joto zaidi kwa kila gramu. Ubora wake huonyeshwa kwa nambari kama 550, 650 au 800. Kadiri nambari ilivyo kubwa, ndivyo manyoya yanavyofura na kunasa hewa nyingi zaidi.

Hata hivyo, manyoya yakilowa hushikamana kama pamba iliyotiwa maji, na joto likatoweka. Poliesta ni nzito na hujaza mkoba, lakini huhifadhi sehemu ya joto hata ikipata unyevu. Hukauka haraka na bei yake ni nafuu.

Anayepanda wakati wa kiangazi, Januari na Februari au Julai hadi Septemba, na aliye na mfuko wa plastiki wa kukingia maji, anaweza kutegemea manyoya. Anayekwenda wakati wa masika au vuli, au anayepiga kambi katika ukungu wa Nyandarua, atapata usalama zaidi kwa poliesta.

Kuhusu umbo, chagua mfuko mpana mabegani na mwembamba miguuni, wenye kofia inayofungwa kwa kamba. Mfuko wa mstatili hustarehesha, lakini hubakisha nafasi tupu ambayo mwili wako utalazimika kuipasha moto usiku kucha. Hakikisha zipu ina ukanda mnene nyuma yake wa kuzuia upepo, na kwamba shingoni pana kola. Ingia ndani ukiwa dukani: vidole vya miguu vikigusa mwisho na kuusukuma, mfuko huo ni mfupi kwako.

Baridi itokayo ardhini

Wengi hununua mfuko wa bei ghali kisha wakaulaza juu ya turubali. Usiku kucha mgongo huwauma kwa baridi nao wakalaumu mfuko. Ukweli ni kwamba uzito wa mwili huuminya upande wa chini, hewa ikatoka, na joto likafyonzwa na ardhi.

Dawa yake ni mkeka wa sponji au godoro la kujazwa hewa. Uwezo wake hupimwa kwa nambari iitwayo R. Mkeka wa kawaida wa sponji huwa na R ya karibu 2, ilhali penye ardhi iliyoganda inafaa R ya 4 au zaidi. Nambari hizi hujumlishwa, kwa hivyo mikeka miwili iliyopangwa juu kwa juu hutosha.

Mitumba na mifuko ya kukodi

Si lazima kununua mfuko mpya. Katika masoko ya mitumba kama Gikomba hupatikana mifuko mizuri, na kampuni nyingi za kupandisha watalii hukodisha. Utandaze mfuko, uukung'ute na uuache kwa dakika kadhaa. Ukibaki bapa kama shuka, umechakaa. Uinue kwenye mwanga utafute mahali ambapo ujazo umehama na kuacha kitambaa kitupu, kisha ufunge na kufungua zipu mara kadhaa.

Kulala na joto

Kabla ya kulala, kula chakula cha kutosha na ubadilishe nguo ulizotokea jasho. Vaa soksi kavu na kofia ya sufu. Chupa ya maji moto iliyofungwa barabara na kuwekwa miguuni husaidia mno. Usifunike pua na mdomo ndani ya mfuko, kwani pumzi huleta unyevu. Asubuhi, uanike. Ukirudi nyumbani, uhifadhi ukiwa umelegea, si umebanwa kwenye kifuko chake.

Kamwe usiingize jiko la makaa hemani ili kupata joto. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu akiwa usingizini.

Mwenzako akianza kutetemeka sana, akaongea kama mlevi au akajikwaa ovyo, mwili wake unapoa kupita kiasi. Mvue nguo zilizolowa, mwingize katika mfuko mkavu, mpe kinywaji moto chenye sukari ikiwa anaweza kumeza, na mpange kumteremsha. Kutetemeka kukikoma ilhali angali amezubaa, hali imezidi kuwa mbaya na msaada wahitajika mara moja.

Mwisho, wakumbuke wapagazi. Mara nyingi mgeni hulala katika mfuko wa starehe ya -10 huku aliyembebea mfuko huo akijifunika blanketi moja. Kabla ya kulipia safari, iulize kampuni kila mpagazi atalalia nini na atajifunika nini, na usikubali kuanza safari kabla ya kuonyeshwa.