Matengenezo ya magari ya umeme jijini Dar es Salaam

Matengenezo ya magari ya umeme jijini Dar es Salaam ni kazi ya kukagua, kuhudumia na kukarabati vyombo vya moto vinavyoendeshwa kwa mota na betri badala ya injini ya petroli au dizeli. Kazi hiyo bado ni changa, lakini inagusa riziki ya watu wengi: mafundi wa gereji za mitaani, vijana wanaojifunza kazi wanaoitwa spanaboi, wauza spea na wenye yadi za magari katika wilaya za Kinondoni, Temeke, Ilala, Ubungo na Kigamboni.

Gereji na yadi za kawaida

Magari mengi ya watu binafsi nchini Tanzania huingizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Mnunuzi huagiza mwenyewe kwa njia ya mtandao na kumlipa wakala wa forodha ayatoe bandarini, au hununua kwenye yadi, mara nyingi kupitia dalali. Magari mapya huuzwa na kampuni zenye uwakala wa watengenezaji. Kampuni za namna hii hutegemea sana sevisi na spea baada ya kuuza gari, kwa kuwa mteja hununua gari mara moja lakini hurudi gereji mara nyingi.

Gari lililotumika kwa kawaida hutengenezwa mtaani. Gereji ya mtaani hugawana kazi: yupo fundi injini, fundi umeme, fundi wa kunyoosha bodi na kupiga rangi, na fundi wa viyoyozi. Spea hutafutwa Kariakoo na Ilala. Magari kama Toyota IST yamependwa kwa sababu spea zake hupatikana kwa urahisi na karibu kila fundi anayajua. Pato la uhakika la gereji ni sevisi ya mara kwa mara: kumwaga oili, kubadili filta na kuangalia plagi.

Kazi zinazopungua na zinazobaki

Gari la umeme halina oili ya injini, plagi, tangi la mafuta wala bomba la moshi. Mengi hayana klachi wala giaboksi ya gia nyingi. Kwa hiyo sevisi inayolisha gereji huondoka karibu yote. Breki nazo huchakaa polepole, kwa sababu dereva anapoachia mwendo mota hugeuka kuwa jenereta, hupunguza kasi ya gari na kurudisha umeme kwenye betri.

Kazi nyingine hubaki. Betri huongeza uzito wa gari, na mota hutoa nguvu yake yote tangu gari linapoondoka, hivyo tairi huweza kuisha mapema. Shokapu, bushi na boljointi huendelea kuumia kwenye barabara za mitaa zenye mashimo. Kiyoyozi, taa, vioo, usukani, maji ya breki na betri ndogo ya volti 12 bado huhitaji fundi. Kazi ya bodi na rangi haibadiliki sana. Anayeguswa zaidi ni fundi injini. Fundi umeme ndiye aliye karibu zaidi na kazi mpya, ingawa ujuzi wa waya za volti 12 pekee haumtoshi.

Usalama wa fundi

Betri kuu ya gari la umeme mara nyingi ina volti 350 hadi 400, wakati umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Tena ni umeme wa mkondo mnyoofu, ambao unaweza kuua. Waya zake kwa kawaida huwa na rangi ya chungwa. Kabla ya kuzigusa, fundi huzima gari, hutenganisha betri kuu kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, husubiri dakika kadhaa ili umeme uliobaki kwenye inveta uishe, kisha hupima kwa mita kuhakikisha. Huvaa glavu maalumu za kuzuia umeme.

Desturi ya gereji ya kujifunza kwa kujaribu, ambapo spanaboi hufungua kitu ili akijue, ni hatari kwenye mfumo huu. Gari lililozama kwenye mafuriko pia halifai kuwashwa wala kuchajiwa kabla ya kukaguliwa, kwa kuwa betri iliyoingia maji inaweza kushika moto hata baada ya siku kadhaa.

Betri na bei ya gari lililotumika

Kwenye yadi, mnunuzi wa gari la petroli husikiliza injini, hutazama moshi na kusoma kilomita. Kwa gari la umeme, swali kubwa ni betri imebaki na uwezo kiasi gani. Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, inaonyesha jambo hilo. Dashibodi yake ina vipande 12 vya uwezo wa betri, na betri inapochoka vipande hupungua. Betri ya Leaf za vizazi vya mwanzo hupozwa kwa hewa tu, si kwa maji, hivyo huathirika zaidi na joto. Dar es Salaam ni jiji ambalo joto la mchana hupita nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Magari mawili ya mwaka mmoja na yenye kilomita sawa yanaweza kuwa na thamani tofauti kabisa kwa sababu ya betri. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000, lakini dhamana hiyo mara nyingi haimfuati mnunuzi wa gari lililoletwa kutoka nchi nyingine. Kwa hiyo kipimo cha betri kwa kompyuta kabla ya kulipa huchukua nafasi ya sikio la fundi. Betri yenye seli chache mbovu inaweza pia kufunguliwa na kurekebishwa bila kubadilishwa yote, na hiyo ni kazi mpya kwa fundi mwenye vifaa na mafunzo.

Bajaji, pikipiki na mabasi

Afrika Mashariki, vyombo vya biashara vimeonyesha namna mpya za kuuza. Nchini Rwanda, kampuni ya Ampersand hubadilishia waendesha pikipiki betri iliyoisha kwa iliyojaa. Jijini Nairobi, BasiGo ilianza na mabasi ya umeme mwaka 2022. Mwenye basi hulipia kwa kilomita, na malipo hayo hujumuisha chaji na sevisi. Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa miji ya mradi wa SOLUTIONSplus, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, uliojaribu bajaji za umeme za kuwaunganisha abiria na vituo vya mabasi yaendayo haraka.

Katika mitindo ya namna hii muuzaji haagani na mteja baada ya kuuza. Dereva wa bajaji anayepeleka hesabu kwa tajiri kila siku hupata unafuu wa mafuta na oili, lakini chombo kikiharibika huenda akalazimika kukirudisha kwa kampuni, kwa sababu programu na vifaa vya kukipima viko huko. Fundi wa kijiweni hukosa kazi hiyo hata kama ana uwezo wa kuifanya.

Mafunzo

Mafundi wa Dar es Salaam wamewahi kupitia mabadiliko kama haya. Magari ya kisasa yaliwalazimu kununua mashine za kusoma makosa ya kompyuta ya gari. Magari ya haibridi kama Toyota Prius, yaliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, yaliwaletea betri za volti nyingi. Ufungaji wa mifumo ya gesi asilia kwenye magari, ambao Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ni miongoni mwa wanaoufanya, ulihitaji mafundi waliosomea kazi hiyo.

Mafunzo ya ufundi stadi husimamiwa na VETA, yenye chuo Chang'ombe wilayani Temeke. Fundi aliyejifunzia gerejini bila cheti ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kuachwa nyuma, kwani kwenye gari la umeme vifaa vya kupimia, kinga na ruhusa ya kutumia programu za mtengenezaji hugharimu zaidi ya seti ya spana.