Risasi Iliyoacha Kuwa Risasi

Msomaji, kabla hatujaenda mbali tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, "risasi" ni vitu viwili. Ni ile chembe inayotoka kwenye mtutu wa bunduki, halafu pia ni madini: metali ya kijivu, laini na nzito, ile ile ambayo mvuvi huifunga kwenye nyavu ili zizame. Neno tumelipata kwenye Kiarabu, na huko lilikuwa jina la madini. Sababu iko wazi. Kwa karne nyingi vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Ukitaka chembe ya bunduki, unayeyusha risasi jikoni, unaimimina kwenye kalibu, inapoa, kazi imekwisha.

Leo hii kuna risasi ambayo ndani yake hamna risasi hata kidogo. Imefikaje huko? Hiyo ndiyo stori ya leo. Ni stori ya wawindaji waliotaka kupiga mbali zaidi, na kila walipopata njia ya kuifikisha chembe mbali, wakakutana na swali jipya upande wa pili: sawa imefika, sasa inafanya nini? Na jibu likiwa baya, anayelipa gharama si mwindaji. Ni mnyama anayekimbia na jeraha, akafie kichakani siku mbili baadaye.

Enzi ya gololi

Chembe ya gobori ilikuwa ya mviringo, kama gololi ya watoto. Mwaka 1742 Mwingereza mmoja, Benjamin Robins, alichapisha kitabu kuhusu sayansi ya mizinga na bunduki. Humo alieleza kifaa rahisi mno: ubao mzito unaoning'inia kama bembea. Unaupiga risasi, unapima umerudi nyuma kiasi gani, halafu unakokotoa kasi ya risasi. Kama ulisoma fizikia ya sekondari, huenda pendula hiyo uliwahi kukutana nayo kwenye mtihani.

Robins alipousogeza ubao mbali na bunduki, akaona kasi imeshuka vibaya sana. Wataalamu wengi wa wakati wake walikuwa wanaichukulia hewa kama kitu cha kupuuza. Yeye akaonyesha kwamba kwa risasi inayokwenda kasi, ukinzani wa hewa ni mkubwa mara nyingi kuliko uzito wa risasi yenyewe. Yaani anayeimaliza risasi njiani ni hewa, kabla dunia haijaivuta chini vya kutosha.

Na gololi ina umbo baya kwa safari hiyo. Uso wake ni mpana, mwili wake mfupi. Ilibaki dawa moja tu: kuikuza. Ukiongeza kipenyo mara mbili, uso unaopambana na hewa unakua mara nne, lakini uzito unakua mara nane. Kwa hiyo gololi kubwa inatunza kasi kuliko ndogo, na ikiingia kwenye nyama inazama zaidi. Ndiyo maana Samuel Baker, aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alisafiri na bunduki iliyorusha kombora la nusu ratili, gramu 227 hivi. Aliipa jina la utani "Mtoto". Huyo mtoto akipigwa kishindo alimtikisa baba yake hadi Baker mwenyewe akakiri kwamba aliiogopa bunduki yake.

Ndefu, nyembamba, na yenye koti

Ilikuwapo njia nyingine: badala ya kuipanua chembe, irefushe. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alileta risasi ndefu iliyofaa kwa bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu. Mifereji ile huizungusha chembe kama pia, na mzunguko ndio unaoizuia isipinduke hewani. Mwaka 1879 Mwingereza Alfred George Greenhill akatoa kanuni ya kukadiria mzunguko unaohitajika. Maana yake kwa ufupi: kadiri chembe ilivyo ndefu, ndivyo inavyotaka kuzungushwa haraka zaidi. Kanuni hiyo ishike, tutairudia.

Halafu ikaja baruti mpya. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi, yenye nguvu kuliko ile nyeusi ya zamani. Bunduki zilizokuwa zinarusha chembe kwa mita 400 na kitu kwa sekunde, sasa zikavuka 600. Hapo risasi, yale madini, ikashindwa. Ni laini mno na huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu za sentigredi. Kwa kasi hiyo ilikuwa inakwanguka na kuacha uchafu ndani ya mtutu. Eduard Rubin wa Uswisi alikuwa na jibu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1880: ivishe koti la shaba.

Koti likatibu mtutu, likaharibu kazi ya mwisho. Gololi laini ilikuwa inabapa ikigonga mwili na kufungua jeraha pana. Chembe nyembamba yenye koti kamili mara nyingi ilipita moja kwa moja, ikaacha tundu dogo kuingia na dogo kutoka. Swala aliyepigwa namna hiyo anaweza kukimbia mbali sana kabla hajaanguka.

Wanajeshi wa Uingereza walilalamika hivyo hivyo kuhusu watu. Karibu na Calcutta, kwenye kiwanda cha Dum Dum, kapteni Neville Bertie-Clay alitengeneza risasi yenye koti lisilofunika ncha, ili madini laini ya mbele yatanuke. Dunia ikashtuka, na mwaka 1899 Azimio la Hague likapiga marufuku vitani risasi zinazotanuka kwa urahisi mwilini. Ila kwa wawindaji mambo yakaenda kinyume kabisa. Leo huko England sheria ya kulungu inamlazimisha mwindaji atumie risasi yenye ncha laini au yenye tundu, kwa sababu inaua haraka. Kitu kimoja: kwa binadamu ni ukatili, kwa kulungu ni huruma. Unaweza kukaa na hilo jioni nzima.

Bwana Bell na fuvu la tembo

Sasa tuje huku kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Mskoti W.D.M. Bell alipita Mumias, kituo cha misafara ya pembe za ndovu, akaelekea Karamoja. Mpaka leo wasomaji wa habari za uwindaji wanamwita "Karamoja Bell". Aliua tembo zaidi ya 1,000 kwa ajili ya pembe. Hesabu hiyo haipendezi hata kidogo, na sisemi nimsifu. Ninamtaja kwa sababu ya chombo alichotumia: wengi wa tembo hao aliwaua kwa bunduki ya milimita 7, chembe ya gramu 11 hivi. Linganisha na gramu 227 za Baker!

Aliwezaje? Kwanza alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi hasa. Pili, alichagua chembe ndefu, nyembamba, yenye koti gumu lisilofunguka. Uzito wote ukiwa nyuma ya ncha ndogo, chembe inapita mfupa kwa mstari mnyoofu. Tatu, na hili husahaulika, alipiga kutoka karibu.

Kwa hiyo Bell alitaka risasi isiyotanuka, wakati mwindaji wa swala anataka inayotanuka. Chembe ya Bell ukiipeleka kwa swala aliye mita 300, unarudi kwenye tatizo la tundu dogo. Hakuna chembe nzuri kwa kila kazi. Ipo inayofaa mwili fulani, kwa kasi fulani.

Kasi ya kuondoka, kasi ya kufika

Hapo kwenye "kasi fulani" ndipo penye fumbo la masafa marefu. Chukua chembe ya gramu 10 inayotoka mtutuni kwa mita 850 kwa sekunde. Nishati yake ni karibu jouli 3,600. Ikifika mita 400 hivi, hewa imeshaipunguza hadi mita 600 kwa sekunde au pungufu kidogo. Kwa kuwa nishati hufuata mraba wa kasi, sasa imebaki jouli 1,800 tu. Nusu nzima imeliwa na hewa. Safari imechukua zaidi ya nusu sekunde, na chembe imeanguka zaidi ya mita moja chini ya mstari wa mtutu. Nusu sekunde inamtosha swala kupiga hatua moja, na hatua moja inatosha kuhamisha risasi kutoka kwenye moyo hadi kwenye tumbo.

Umbo lilisaidia. Mwaka 1898 jeshi la Ufaransa lilianza kutumia Balle D, chembe yenye ncha kali na mkia uliopungua kama tezi ya mashua, ili hewa iteleze vizuri nyuma yake. Na angalia: haikuwa na madini ya risasi ndani. Ilikuwa mchanganyiko wa shaba na zinki, mwanzo mpaka mwisho.

Lakini umbo hupunguza tu hasara, haliifuti. Chembe nyingi za kuwindia huacha kutanuka vizuri zikishuka chini ya mita 550 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo mtengenezaji anaombwa kitu kigumu: chembe laini ya kutosha kufunguka kwa mnyama aliye mbali, na ngumu ya kutosha isisambaratike kwa mnyama aliyetokea mita 30 mbele yako. Chembe moja, kasi mbili.

Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa mawindoni British Columbia, Kanada, akampiga moose, yule kulungu mkubwa wa kaskazini, aliyejipaka tope mwili mzima. Bunduki ilikuwa ya kasi kubwa, lakini risasi zilivunjika juu juu bila kufika ndani. Aliporudi nyumbani akatengeneza chembe yenye vyumba viwili, na ukuta wa shaba katikati. Chumba cha mbele kina madini laini, kinafunguka hata kasi ikiwa ndogo. Cha nyuma kinabaki kizima na kusukuma. Chembe hiyo, Partition, inauzwa mpaka leo.

Mlaji wa mwisho

Ila chumba cha mbele kikifunguka, vipande vinakwenda wapi? Ukipiga eksirei mzoga uliopigwa kwa risasi ya madini laini, utaona chembechembe nyeupe zimetapakaa mbali na njia ya jeraha. Mwindaji huchukua nyama na kuacha matumbo porini, na tumbusi wanashuka. Tumbo la ndege huyu lina asidi kali mno. Linayeyusha risasi, na sumu inaingia kwenye damu.

Kondori wa California walibaki 22 tu duniani mwaka 1982. Walikamatwa wote, wakazalishwa, wakaanza kurudishwa porini mwaka 1992, na bado sumu ya risasi ndiyo inayowaua zaidi. California ilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu Julai 1, 2019 uwindaji wote huko hauruhusiwi kutumia risasi yenye madini ya risasi. Usidhani ni shida ya Wamarekani peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima tumbusi zaidi ya 500 nchini Botswana, na karibu theluthi moja walikuwa na kiwango cha risasi kilichopanda kwenye damu. Hali ilihusiana na maeneo na misimu ya uwindaji. Hata binadamu wamo: mwaka 2008 jimbo la North Dakota lilishauri nyama ya kulungu iliyotolewa kama msaada kwa maskini itupwe, baada ya vipande vya risasi kuonekana ndani yake.

Basi wengine wakageukia shaba tupu. Mwaka 1989 kampuni ya Barnes ilitoa chembe ya shaba yenye tundu kwenye ncha, inayofunguka kama petali za ua na kubaki karibu na uzito wake wote. Tumbusi anapona. Lakini shaba ni nyepesi kuliko risasi, gramu 8.9 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 11.3. Ili ipate uzito ule ule lazima iwe ndefu zaidi, na hapo Greenhill anakudai mzunguko wa haraka zaidi. Tena shaba ni ngumu, inataka kasi kubwa ili ifunguke, na kasi ndiyo kitu ambacho umbali unaiba. Ndiyo maana mpenzi wa masafa marefu husita. Chembe laini inayomfaa zaidi mita 500 ndiyo inayoacha sumu nyingi kwa tumbusi.

Kwa hiyo tangu Robins mpaka leo, swali la "itafika?" tumelijibu vizuri sana. La "ikifika je?" bado lina deni. Njia ya kulipunguza, ya bei rahisi kuliko kiwanda chochote, ni ile ambayo hata Bell na tembo wake aliijua: sogea karibu, na ukiona huwezi kusogea, acha mnyama aende zake.