Ligi Kuu ya Kenya na Safari Yake Hadi Nchi ya Chai

Mwaka 2025, timu ya APS Bomet, ambayo ni ya Polisi wa Utawala, ilipanda daraja pamoja na Nairobi United, na jina la Bomet likaandikwa katika orodha ya vilabu 18 vya Ligi Kuu ya Kenya. Ligi hiyo ilikuwa imekwisha kutimiza miaka 62 tangu kuasisiwa kwake, na katika muda huo wote wakazi wa Silibwet, mji mdogo ulio jirani na Bomet na hospitali ya Tenwek, walikuwa wameijua kwa masikio kuliko kwa macho. Basi ni wajibu kwa mtu wa nyanda hizi, kabla hajaishangilia neema hii iliyochelewa, kutazama nyuma na kuuliza ligi ilitoka wapi, ilipita mikononi mwa nani, na kwa sababu gani iliwazungukia jirani zetu wote kabla ya kufika kwetu.

Kabumbu ilitangulia ligi kwa miaka mingi. Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Uingereza, lilianza kushindaniwa na Kenya na Uganda mwaka 1926, na Tanganyika na Unguja zikajiunga baadaye. Lakini hayo yalikuwa mashindano ya nchi kwa nchi, na mpenzi wa mpira aliyekaa mbali na mji mkuu hakuwa na timu ya kuifuata wiki hata wiki. Ligi ya taifa iliundwa mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipojipatia uhuru, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars. Mwaka uliofuata taji lilichukuliwa na Luo Union, na mwaka 1965 likateremka pwani kwa Feisal ya Mombasa. Katika misimu mitatu, basi, ubingwa ulikuwa umekwisha kukaa katika Bonde la Ufa, ukaenda kwa jamii ya watu wa Ziwa, kisha ukafika bahari ya Hindi. Msomaji na aishike sana habari ya bingwa yule wa kwanza, kwa maana alijiita kwa jina la mji, na jambo hilo tutalihitaji mwisho wa makala haya.

Baada ya mwanzo huo, ligi iliingia katika milki ya jamii. Watu waliotoka magharibi na Nyanza kwenda kutafuta kazi mijini walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana, vya kuwazika wafu na kuwalipia watoto karo, na kutokana na umoja huo zilizaliwa timu. Abaluhya iliyoundwa mwaka 1964 ilitwaa ubingwa mwaka 1966 na 1967; na tarehe 17 Februari 1968 Luo Union na Luo Stars ziliungana zikazaa Gor Mahia, iliyopewa jina la mganga mashuhuri wa Wajaluo, nayo ikawa bingwa mwaka ule ule wa kuzaliwa kwake. Kutoka hapo pambano la timu hizi mbili likawa ndilo kitovu cha msimu, na kwa kuwa jamii hizo mbili zimeoana tangu zamani, watu wakaliita debi ya mashemeji, jina linaloonyesha kwamba uhasama wa dakika 90 haukukusudiwa kuvunja udugu.

Hapa ndipo nchi ya chai inapoingia katika kisa, ingawa iliingia kwa mlango wa nyuma. Kampuni kubwa za chai zilizoshika ardhi ya Kericho tangu miaka ya 1920 ziliajiri wachumaji kutoka Nyanza na magharibi, na wafanyakazi hao walipofika hawakuleta mikono yao tu. Walileta na mapenzi ya timu zao. Siku za mechi, redio ya Sauti ya Kenya ilikusanya watu. Mwenye redio ya betri aliiweka mlangoni pa nyumba yake katika kambi, waliotoka kuchuma wakakaa chini na vikapu vyao kando, na mtangazaji akawapeleka wote hadi uwanja wa Nairobi wasioujua. Joe Kadenge wa Abaluhya, mshambuliaji ambaye hadi kufa kwake mwaka 2019 alikuwa akitajwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa waliopata kutokea nchini, alijulikana katika kambi hizo na watu ambao hawakupata kumwona hata siku moja. Na msemo wa "Kadenge na mpira" uliotoka katika redio ukaingia katika vinywa vya watoto waliocheza kwa mpira wa karatasi na kamba baina ya mistari ya chai. Vijana wa Kipsigis, ambao nyumbani kwao sifa ilikuwa ya mbio, waliujifunza mpira kwa jirani hao, na pamoja na mpira wakaazima na timu za kushabikia. Hata leo mtu wa Silibwet ataapa kwa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, au kwa Ingwe, yaani Abaluhya ya zamani, kana kwamba alizaliwa Kisumu au Kakamega.

Na zama hizo zilistahili kuapiwa. Gor Mahia ilimaliza msimu wa 1976 bila ya kufungwa, ikangoja hadi mwaka 2015 ndipo ikalitenda tena jambo hilo. Mwaka 1979 ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikashindwa na Canon ya Yaoundé. Tangu mwaka huo wa 1979 hadi 1985, kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati halikutoka katika mikono ya mashemeji hawa wawili: Abaluhya ililitwaa kwanza, Gor Mahia ikalichukua mara mbili, Ingwe ikalishika miaka mitatu mfululizo, kisha Gor Mahia ikalirudisha kwake. Katikati ya fahari hiyo, mwaka 1980, serikali iliamuru majina ya kikabila yaondolewe katika vilabu, na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina liligeuka, wapenzi hawakugeuka. Kilele cha yote kilifikiwa mwaka 1987, wakati Gor Mahia ilipotoka sare ya mabao 2 kwa 2 na Espérance mjini Tunis, ikatoka tena sare ya 1 kwa 1 katika uwanja mpya wa Kasarani, na kwa hesabu ya mabao ya ugenini ikatwaa lile kombe la Afrika lililokuwa limeiponyoka miaka minane kabla. Hadi sasa hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyoleta nyumbani taji la bara.

Lakini mapenzi, hata yakiwa makubwa kiasi gani, hayalipi mshahara mwisho wa mwezi, na polepole ligi ikahama kutoka kwa jamii kwenda kwa mwajiri. Dalili ilikuwa imeonekana mapema, pale Kenya Breweries, timu ya watengenezaji pombe ambayo baadaye iliitwa Tusker, ilipochukua ubingwa mwaka 1972. Mchezaji wa timu kama hiyo alikuwa na ajira, na aliyeumia goti hakuogopa njaa. Miaka ya 1990 ilipofika, mlango ulikuwa wazi kabisa. Utalii, timu ya chuo cha wahudumu wa hoteli, ilikuwa bingwa mwaka 1997. Oserian ya mashamba ya maua ya Naivasha ilitwaa taji mwaka 2001 na 2002. Ulinzi, timu ya majeshi, ikafuatia kwa miaka mitatu kutoka 2003 hadi 2005, na mwaka 2006 zamu ikawa ya SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo.

Maua yalipata ubingwa, na sukari ikapata ubingwa. Chai, ambayo ni miongoni mwa mazao yanayoiletea Kenya fedha nyingi za kigeni, haikuupata. Mimi naona sababu iko katika namna zao hili linavyowaweka watu. Kiwanda cha sukari hukusanya mji mzima mbele ya lango moja. Chai huwatawanya watu juu ya vilima, kila mmoja na shamba lake dogo na kituo chake cha kupimia, ambapo karani huandika kilo katika kitabu na lori huondoka na majani. Na mkulima wa Bomet, anayengoja bonasi yake mara moja kwa mwaka, hana mwajiri mmoja ambaye angeweza kumwambia atujengee timu. Palipokuwa hapana jamii yenye desturi ya vilabu wala mwajiri mwenye nia, ligi ilipita barabarani ikaenda zake.

Mwajiri naye ana aibu yake. Anayeweza kuiunda timu kwa barua moja aweza kuivunja kwa barua nyingine, na ndivyo ilivyokuwa kwa Oserian, bingwa wa mara mbili ambaye leo hayumo katika ligi yoyote ya kutajika. Tena miaka hiyo ya waajiri ilikuwa ndiyo miaka ya ikhtilafu baina ya wakuu. Mwaka 2003 vilabu vilijitenga vikaunda kampuni yao ya kuendesha ligi, KPL, kwa kuchoshwa na shirikisho la mpira la taifa. FIFA ikaisimamisha Kenya mwaka 2004, ikaisimamisha tena mwaka 2006. Kampuni ile ilileta nidhamu ya ratiba na picha za televisheni, na chini yake yalitokea mambo ya kupendeza: Mathare United, iliyotokana na mradi wa vijana wa mtaa wa mabanda wa Mathare, ilikuwa bingwa mwaka 2008, na Sofapaka ikatwaa taji mwaka 2009 katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu. Kisha mwaka 2020 shirikisho likairudisha ligi mikononi mwake, mwaka uliofuata serikali ikalivunja shirikisho, na kutoka Februari hadi Novemba 2022 Kenya ikawa nje ya familia ya FIFA kwa mara nyingine. Kila walipogombana wakubwa, mzigo uliwaelemea wachezaji na vilabu vya mbali visivyo na akiba.

Nchi ya chai ilionja utamu na uchungu wa ligi kuu kwa Zoo ya Kericho, iliyopanda mwaka 2017 na kuzileta timu kubwa katika mji wa chai. Kwa mara ya kwanza wengi walimwona kwa macho mchezaji waliyemsikia redioni. Mwaka 2021 FIFA iliamuru Zoo ishushwe daraja kwa sababu ya upangaji wa matokeo, na hukumu hiyo iliacha jeraha kwa mashabiki ambao hawakuwa na kosa ila kulipa kiingilio na kushangilia. Fundisho lake ni zito: klabu ambayo hesabu zake na siri zake hazijulikani na watu wanaoipenda haina mtu wa kuilinda siku ya majaribu.

Silibwet, kwa upande wake, haikungoja kuletewa. Silibwet Leons, timu yenye jina la mji huu mdogo, ilipanda ngazi hadi Ligi ya Supa, ambayo ni daraja la pili nchini, ikacheza humo katika miaka hii ya 2020. Ili kuujua uzito wa jambo hilo yapasa mtu ajue mechi za daraja hilo katika nyanda hizi zilivyo. Asubuhi mtu hupita na ndoo ya chokaa akichora mistari; alasiri mvua ya milimani, ambayo haina kawaida ya kukosa miadi, huifuta nusu yake, na mpira uliokuwa ukiteleza hunasa katika tope la lango la kaskazini. Watazamaji husimama kandokando ya uwanja wakiwa na miavuli na mabuti ya mpira ya shambani, na timu ya wageni iliyosafiri usiku kucha huvua matope ndani ya matatu iliyoikodi. Hakuna kamera, na mlango hauingizi fedha ya kutosha hata nauli. Bado watu huja, kwa sababu anayepiga kona ni mtoto wa jirani.

Msimu wa 2024/25 bingwa alikuwa Kenya Police, iliyotwaa taji lake la kwanza, na timu iliyolileta jina la Bomet katika ligi kuu ni ya polisi vilevile. Nawapongeza kwa dhati, maana wametufungulia mlango ambao tuliugonga muda mrefu. Walakini historia niliyoieleza inatuonya tusilale. Jamii iliipa ligi mapenzi ikashindwa na mishahara, mwajiri aliipa mishahara akaweza kuondoka wakati wowote, na mji, ambao ulikuwa ndio bingwa wa kwanza kwa jina la Nakuru, haujapata tena kuaminiwa ipasavyo. Jirani zetu wa Kisii wametuonyesha kwamba inawezekana: Shabana ilikaa nje ya ligi kuu kwa miaka 17, na iliporejea mwaka 2023 watu wake walikuwa wangali wakiingoja, wakaifuata viwanjani kwa maelfu.

Shime basi kwa watu wa Silibwet na wa vilima vyote vinavyotuzunguka. Mkulima anayetoa sehemu ya bonasi yake kwa kanisa na kwa harambee ya shule hashindwi kununua uanachama wa klabu kwa bei ya kilo chache za majani, mradi aonyeshwe kitabu cha hesabu kila mwaka na apewe kura ya kuwachagua viongozi. Serikali ya kaunti na itengeneze uwanja wenye nyasi na mifereji ya kuhimili mvua yetu, kisha iwaachie wenyewe klabu yao. Tukifanya hivyo, afisa akihamishwa au mfadhili akichoka, timu haitahama naye, kwa kuwa itakuwa ni mali ya watu wasioweza kuhamishwa.